Mayai mu sosi ya tomati na pilipili, ya batu babili: mwongozo kamili kwa wale inawaharibikia kila mara

Malalamiko ni yale yale kila mara. Kiini kimekauka, ute wa juu bado unateleza, sosi ni maji tupu, na chini ya sufuria kuko kitu cheusi cha kukwangua na kisu. Alafu mutu anaapa "nilifata vile walisema". Nakubali ulifata, ila wengi hawasemi ile kitu ya maana.

Ile kitu ya maana ni hii: sosi inapikwa mpaka iishe kuiva kabla hujagusa yai hata moja. Batu wengi wanapasua mayai mu sosi bado iko na maji, wakiona inachelewa wanaongeza moto, na hapo chakula kimeshakufa. Mayai mu hii chakula hayaivishwi na moto wa chini, yanaivishwa na joto ya sosi yenyewe pamoja na mvuke wa chini ya mfuniko. Ukishika hiyo, hatua zote za huku chini utaona zina sababu.

Chakula ni ya batu ba Tunisia na majirani wao, kule wanaiita shakshuka. Historia yake tuache, njaa haingoji.

## Vitu vya kuweka tayari

Ya batu babili wenye njaa ya kawaida:

- Mayai 4
- Tomati 6 za kadiri, zimeiva sana (karibu gramu 600)
- Tomati ya kopo (ile nzito ya kukaza), kijiko kikubwa 1
- Kitunguu kikubwa 1
- Pwavro (pilipili hoho) 1, nyekundu ukipata, ya kijani pia inaenda
- Kitunguu saumu, punje 3
- Pilipili kali 1
- Mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 3
- Jira ya kusaga (bizari nyembamba), nusu kijiko cha chai
- Chumvi, kijiko cha chai 1 kisijae
- Seleri kidogo, majani na miti
- Sukari kidole tu, tena kama iko lazima
- Mkate

Ukiweka Maggi, punguza chumvi nusu. Mimi siiweki, juu inafunika harufu ya jira na kila kitu kinaonja kama supu ya jana.

Ku tomati usinunue zile ngumu za kupendeza macho. Nenda ku soko ya Virunga hapa Goma mangaribi, saa mama anataka kufunga, ukaulize "mama, hizi zimelegea unanifanyia ngapi?" Atakuambia "beba fungu yote mwanangu, kesho hazitaona jua". Hizo njo zako. Mradi hazijatoka ukungu wala kunuka, tomati ya kulegea iko na utamu na rangi kuliko ile ya kijani-kijani iliivia mu gunia.

## Vifaa, na hapa njo wengi wanaangukia

Kikaango au sufuria ya upana wa sentimeta 22 mpaka 24, na mfuniko wake unaofunga vizuri. Upana uko na maana. Ukichukua ile sufuria kubwa ya familia kwa sababu njo iko safi, sosi ya batu babili itatandikwa nyembamba chini, itaungua na mayai yatakosa pa kuzama. Sosi inapaswa kuwa na urefu wa sentimeta 2 hivi. Ukichukua ndogo sana, mayai 4 yatapandana na hutaweza kuyatoa mazima.

Sufuria za aluminiamu tunazo nyumba zote na zinafaa, lakini usiache sosi ilale humo. Asidi ya tomati inakula chuma, asubuhi sosi iko na ladha ya kulamba musumari. Ukiisha kupika, kula au hamisha.

Kingine: kikombe kidogo cha kupasulia mayai, mwiko, na rapi ile ya kukwaruzia karoti.

## Hatua ya 1: Pima mayai mu maji

Weka mayai mu bakuli ya maji baridi. Yai la karibuni linalala ubavu kule chini. Lenye linasimama wima bado chini limezeeka, lichemshe ngumu siku ingine. Lenye linaelea, tupa, na usilipasulie ndani ya nyumba.

Sababu: ganda la yai liko na vitundu vidogo sana, maji yanatoka polepole na hewa inaingia, kwa hiyo kadiri siku zinaenda yai linakuwa jepesi. Na wakati huo huo ute unalegea. Yai la zamani ukiliweka mu sosi ute unakimbia kila upande, unabaki na kiini peke yake katikati, njo ile sahani inaonekana kama mayai ya kukoroga. Batu wanafikiri ni mkono wao mbaya, kumbe ni yai lilikaa ku jua mbele ya duka wiki nzima.

Kama mayai yako mu frigo, yatoe nusu saa mbele. Yai baridi linapoza sosi.

## Hatua ya 2: Tayarisha tomati na vingine

Kata kila tomati vipande viwili, kwaruza upande wa ndani ku rapi mpaka ganda libaki mu mkono. Ganda tupa. Ni dakika 5 na haiombi kuchemsha maji. Ukiwacha maganda yatajikunja mu sosi na yatakukwama ku meno, na pia maji ya tomati yanachelewa kutoka.

Kitunguu kata ndogo. Pwavro kata nyembamba. Kitunguu saumu ponda. Seleri tenga: miti kata ndogo ya kupika, majani weka pembeni ya mwisho.

Pilipili sasa. Ukali mwingi uko ku ile nyama nyeupe ya ndani yenye inashika mbegu, si mbegu zenyewe. Kama unataka harufu bila moto, tumbukiza pilipili nzima bila kuipasua, na uitoe mbele ya mayai, vile mama zetu wanafanya ku samaki. Kama unataka kali, kata nusu utoe ile nyeupe. Kama unataka kulia, weka yote. Lakini kumbuka ni sahani ya batu babili, uliza mwenzako kwanza, ukali ukishaingia mu mafuta hautoki tena. Na ukishakata, nawa mikono na mafuta kidogo kwanza alafu sabuni, maji peke yake hayatoi ile kitu, na utajua hiyo saa utajikuna jicho.

## Hatua ya 3: Moto

Wa gazi na resho (jiko la umeme) wapite hapa, nyinyi munazungusha kibonyezo tu.

Wa mbabula (jiko la makala) musikilize. Usijaze makala mpaka juu. Jaza nusu, washa, ngoja mpaka yote yawe mekundu na majivu meupe yaanze kuonekana na moshi uishe. Hii chakula inaomba moto wa kati mwanzo na moto mdogo sana mwisho, na mbabula iliyojaa haipungui kwa kuiomba. Weka karibu chuma ya kutolea makala na kopo ya majivu. Saa ya mayai utatoa makala nusu, utafunika yaliyobaki na majivu, na utafunga kale kamlango ka upepo ka chini. Ukikosa hizo, yai litaungua chini na juu likiwa bichi, hakuna dua.

Onyo: makala nje au mlango na dirisha wazi, hata mvua ikinyesha. Sisi ba Goma tunajua mazuku, ile hewa mbaya inakaa mu mabonde na haina harufu. Hewa ya makala ni ingine lakini tabia ni moja, haikupigii hodi.

## Hatua ya 4: Kitunguu na pwavro, bila haraka

Mafuta mu kikaango, moto wa kati. Weka kitunguu na chumvi kidogo, chumvi inavuta maji ya kitunguu nje na inakisaidia kulainika bila kuungua. Dakika 8 hivi, koroga mara kwa mara. Alafu pwavro na miti ya seleri, dakika 5 zingine.

Unaona imefika wakati kitunguu kinaangaza, kimekuwa laini kabisa, na pembeni kimeanza rangi ya dhahabu. Kama bado kinalia ukikitafuna, hakijaiva, na usidanganyike kwamba kitaiva baadaye mu tomati. Asidi ya tomati inafanya kitunguu kibaki kigumu, unaweza kukipika nusu saa na bado kitakwaruza ku meno.

Mawese (mafuta mekundu ya mchikichi)? Banauliza sana. Ni chakula ingine hiyo, nzuri hata, lakini mawese inafunika jira na tomati. Kama huwezi kuacha, kijiko kimoja ndani ya mafuta ya kawaida, basi.

## Hatua ya 5: Jira, kitunguu saumu, tomati ya kopo

Sukuma vitu pembeni, pale katikati weka kitunguu saumu na jira, hesabu mpaka 30 ukikoroga. Harufu ya jira inaamka mu mafuta, si mu maji, njo maana inaingia saa hii na si mwisho. Ikizidi dakika moja kitunguu saumu kinaungua na uchungu wake hautoki, hata sukari ya Kiliba yote haitausaidia.

Mara moja weka tomati ya kopo. Ikaange dakika 2 mpaka itoke ule wekundu mkali na iwe ya rangi ya tofali. Ukiruka hii, sosi itakuwa na ladha ya kopo mpaka mwisho.

## Hatua ya 6: Pika sosi mpaka iishe kuiva

Mimina tomati uliyokwaruza, pilipili, na chumvi iliyobaki. Ikianza kuchemka, punguza moto kidogo, acha wazi bila mfuniko. Mfuniko unarudisha maji na hapa tunataka maji yaende zake. Dakika 15 mpaka 20, koroga chini kila mara, hasa mwishoni.

Usiongeze maji. Najua mkono utataka. Usiongeze.

Jaribu la kujua imeiva: pita na mwiko chini ya kikaango, kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kama ile njia inafungika hapo hapo, bado. Kama njia inabaki wazi ukihesabu mbili au tatu ndipo sosi inarudi polepole, imefika. Alama ya pili ni mafuta kuanza kuonekana ya rangi ya machungwa pembeni. Ya tatu ni sauti, maji yakiwa mingi inachemka kwa kelele laini, yakiisha inapiga "pof, pof" na inarusha matone ku mkono wako.

Onja hapa, si baadaye, juu ukishaweka mayai huwezi tena kukoroga. Asidi ikizidi, sukari ile ya kidole. Chumvi ikizidi, kwaruza tomati ingine moja na upike dakika 5. Ikikaza kupita kiasi mpaka mwiko unasimama, hapo tu njo naruhusu vijiko viwili vya maji ya moto.

Toa pilipili nzima kama njo njia uliyochagua. Polepole, isipasuke.

## Hatua ya 7: Mayai

Sasa punguza moto kweli kweli. Mbabula: toa makala nusu, majivu juu, funga upepo. Sosi inapaswa kutoa kipovu kimoja hapa, kingine pale. Ikichemka kwa nguvu, mapovu yatapasua ute na kuurusha, na chini ya yai kutakuwa ngumu.

Na mgongo wa kijiko chimba mashimo 4 mu sosi, yafike karibu chini lakini yasifike, ibaki ka sosi kembamba chini ya kila yai. Yasigusane na yasiguse ukingo.

Pasua yai moja mu kikombe. Tazama: halinuki, kiini kizima, hakuna ganda. Alafu leta kikombe karibu kabisa na shimo na ulitelezeshe. Rudia. Kikombe si ya urembo, yai moja bovu likiangukia mu sosi ya tomati 6 unatupa yote, na majirani watajua. Kiini kikipasukia mu kikombe, liweke tu la mwisho, utalila wewe mpishi.

Chumvi punje chache juu ya kila kiini. Na kijiko chota sosi kidogo uimwagie ule ute mnene unaozunguka kiini, usifunike kiini chenyewe. Ule ute njo unachelewa kuiva kuliko vyote, ndio unabaki kuteleza.

Funika. Na usifunue kila dakika! Kila ukifunua mvuke unatoka, na mvuke njo unaivisha upande wa juu.

### Dakika ngapi, na kwa nini za Goma si za Mombasa

Ute unaanza kushika ku nyuzi 62 hivi lakini unakaza kabisa karibu na 80. Kiini kinaanza kuwa kizito ku 65 na kinakauka kikipita 70. Unaona shida iko wapi: kiini kinataka joto kidogo kuliko ute. Njo maana tunapeleka joto polepole, tena pande zote mbili, chini sosi na juu mvuke.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huku maji yanachemka ku nyuzi 95 hivi, si 100, na Bukavu ni hivyo hivyo. Lubumbashi iko chini kidogo, lakini nayo haifiki 100. Kwa hiyo ukisoma mahali "dakika 5" ujue aliyeandika labda anaishi pembeni ya bahari. Huku ongeza moja mpaka mbili:

- Kiini cha kumwagika: dakika 6 mpaka 7
- Kiini cha katikati, kizito: 8
- Kiini kigumu: 10 mpaka 11

Fungua ya kwanza ku dakika 6. Tikisa kikaango kidogo. Ute ukiwa mweupe wote na hautikisiki, kiini kikicheza, toa motoni. Joto ya sosi itaendelea kuivisha hata nje ya moto, kwa hiyo toa nusu dakika mbele ya ile unataka.

Mama mwenye mimba, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa: hao kiini kigumu, bila mjadala. Kiini kibichi kinaweza kubeba salmonela.

### Ute umekataa

Chini imeiva, dakika 9 zimepita, juu bado inateleza. Usiongeze moto. Kama mfuniko ni wa chuma, weka juu yake makala mekundu matatu au manne, dakika 2, vile wanafanya ku keki ya mbabula. Joto inashuka kutoka juu na ute unakaza kabla kiini hakijajua. Mfuniko wa kioo au wenye mkono wa plastiki usijaribu. Kama huna, chota sosi ya moto umwagie juu ya ute, funika tena dakika moja.

Matone yanadondoka kutoka mfuniko na kufanya vidimbwi juu ya mayai? Ukifunua, inua wima haraka na uupeleke pembeni, usiuinamishe juu ya chakula.

## Ku meza

Nyunyiza majani ya seleri. Ukiwa na fromaji (jibini) ya Masisi, kwaruza kidogo juu, funika nusu dakika, ilegee. Ni ongezeko pekee ninalotetea kwa nguvu, ule ukavu wake na chumvi yake vinashika tomati vizuri sana, na punguza chumvi ya sosi kama unajua itaingia. Kuko wanaoweka sambaza (samaki wadogo) za kukaanga juu. Nzuri, mradi ziwekwe mwisho zikiwa kavu, ukizipika mu sosi zinakuwa uji.

Kikaango chenyewe kinaenda ku meza, juu ya kibao. Kuhamisha mu sahani njo kunapasua viini. Kila mutu upande wake, mkate mu mkono, unaanza ku sosi ya pembeni ukienda katikati. Viazi vya kuchemsha vinaenda. Avoka pembeni inaenda sana, mafuta yake yanapoza pilipili, maji hayapozi. Bugali... unaweza, lakini sosi hii ni nzito na bugali inapenda mchuzi, utabaki unameza kwa nguvu.

Imefanikiwa ukiona hivi: ukikata yai na mkate, kiini kinatoka polepole na kinachanganyika na sosi bila kuifanya maji, ute unakatika safi, na ukiinua yai la mwisho chini ya kikaango ni kwekundu, hakuna cheusi.

## Ikibaki

Mayai yaliyoiva hayapendi kurudishwa motoni, yanakuwa mpira, kwa hiyo pika ya kula hapo hapo. Sosi peke yake ni kitu kingine. Ipike mara mbili ya kipimo, toa nusu mbele ya kuweka mayai, ipoe, iweke mu chombo cha kioo au plastiki yenye mfuniko: siku 3 mu frigo. Kama umeme kwenu unaenda na kurudi, hesabu siku moja tu, na uichemshe vizuri kabla ya kurudia hatua ya 7.